Jibu: Utajuaje kama vyombo vya daktari wa meno ni salama?

Dada, umeuliza utajuaje kama vyombo vya kliniki hapo Tabata ni salama kabla hujang'olewa gego. Usihadaike na vigae vinavyong'aa na kiyoyozi. Angalia koleo la kung'olea jino linatoka wapi. Likitoka kwenye pakiti iliyofungwa, ikafunguliwa mbele yako, kaa utulie. Pakiti nyingi zina alama inayobadilika rangi baada ya kupita kwenye mashine ya mvuke. Likitoka kwenye beseni la dawa, nyanyuka uondoke. Dawa inapunguza tu vijidudu. Kinachoua kabisa ni mvuke wenye shinikizo, angalau dakika 15 kwa nyuzi joto 121, au dakika 3 kwa nyuzi joto 134. Vyombo vichafu vinaweza kukuambukiza homa ya ini B, nayo si ya kuchezea.

Mimi yalinikuta Kariakoo: daktari kapokea simu na glavu zake, kisha huyo, anarudi mdomoni mwangu! Nikamwomba abadilishe. Alinuna, lakini alibadilisha.

Sindano na kichupa cha ganzi navyo ni vya mgonjwa mmoja tu, hata kikibaki nusu. Daktari wako muulize tu namba yake ya usajili wa Baraza la Madaktari Tanganyika, ni haki yako.