Kwa Waigbo, aliyeolewa ndiye aliyeogopwa

Mmeuliza wiki hii: binti akishaolewa, bado ana sauti kwao? Nitawajibu kwa Waigbo wa kusini mashariki mwa Nigeria, maana kwao sauti hiyo ilizidi ukali baada ya ndoa.

Kwa mila yao mtu haoi ndani ya ukoo wake, hivyo mabinti hutawanyika vijiji vingine. Lakini ukoo hawautoki. Walioolewa, walioachika, wajane na walio bado nyumbani, wote ni umuada, yaani mabinti wa ukoo, na aliye mkubwa ndiye huwaongoza. Ndugu wakigombea mpaka wa shamba na wazee wakashindwa kuwapatanisha, huitwa umuada. Wakishakata shauri, kuwapinga ni kujitafutia balaa. Nadhani nguvu yao ilitoka hapa: ardhi ilirithiwa na wanaume, kwa hiyo dada aliyeolewa mbali hakuwa na chake katika ule mpaka. Nani angemtuhumu kwamba anavutia kwake?

Msibani ndiko walikoonekana hasa. Mazishi ya mtu wa ukoo bila umuada hayakuhesabiwa kuwa yamekamilika. Ila tusiwapambe mno. Kwa mke wa kaka yao hao ni mawifi, na mume akifa, wao ndio mara nyingi walimsimamia mjane: kunyolewa nywele, kuketi chini, na pengine kuhojiwa kana kwamba yeye ndiye aliyemuua. Na kila aliyekuwa wifi kwao alikuwa mke kwa watu wengine, akingoja zamu yake.

Huko walikoolewa nako wake walikuwa na umoja wao. Mume mkatili au mfugaji aliyeacha mifugo iharibu mazao yao walimvamia nyumbani usiku na mchana, wakiimba maovu yake na kugonga kuta kwa michi mpaka aombe radhi.

Nguvu hizo zilionekana Novemba 1929. Kijijini Oloko, mtu aliyetumwa na Okugo, chifu wa kuwekwa na Waingereza, alimkuta mwanamke aitwaye Nwanyeruwa akikamua mawese. Akamtaka ahesabu mbuzi, kondoo na watu wa nyumbani kwake. Wanaume walikuwa wameanza kulipishwa kodi mwaka uliotangulia, kwa hiyo mama akaelewa mara moja kwamba sasa ni zamu ya wanawake. Akamuuliza: mama yako naye alihesabiwa? Makuti yakapelekwa kijiji hadi kijiji kuwaita wenzao. Haikuchukua muda, kwani kila mke pale alikuwa binti wa mahali pengine na njia ya kwao aliijua. Wakapiga kambi kwa Okugo, naye akavuliwa uchifu na kufungwa. Moto ukaenea Aba na kwingineko, ukawagusa hata wanawake wasio Waigbo, hadi Opobo. Desemba hiyo askari wakafyatua risasi. Wanawake waliouawa katika ghasia zile walizidi 50.