Miaka sita imepita tangu tutengane (Ontario): je, pensheni ya mume bado naweza kuidai?

Dada mleta mada, pole na hongera kwa kuuliza mapema. Nimekuelewa hivi: wewe na mumeo mlitengana 20 Februari 2020 mkiwa Ontario, Kanada, talaka hamjapeana, yeye ana pensheni ya kazini, na kuna mtu kakwambia miaka sita imeshakatika hivyo hudai kitu. Huyo mtu hakupiga hesabu ya korona.

Kwa sheria ya familia ya Ontario, wanandoa wakitengana kila mmoja ana miaka sita ya kudai mali isawazishwe, na pensheni imo. Talaka ikitoka, ni miaka miwili tangu talaka. Mmoja akifariki, ni miezi sita. Kinachotangulia ndicho kinachokubana. Sasa Machi 2020 serikali ya jimbo ilitoa Kanuni 73/20, ikasimamisha mihula ya ukomo, yaani muda wa mwisho wa kufungua madai, kuanzia 16 Machi hadi 13 Septemba 2020. Hizo ni siku 182. Wengi wanadhani ziliwahusu wale tu ambao muda wao ulikuwa unaishia katikati ya miezi hiyo. Hapana. Zinamhusu kila ambaye muda wake ulikuwa unakwenda. Zako ziongeze juu ya 20 Februari 2026, unafika 21 Agosti 2026. Usingoje tarehe hiyo, nitakwambia kwa nini.

Kanuni hiyo ndiyo iliyoniokoa mimi. Mume wangu alihama nyumbani mwisho wa Aprili 2014, kwa hiyo muda wangu ulikuwa uishe Aprili 2020, na Mahakama Kuu ilikuwa imesimamisha shughuli za kawaida tangu 17 Machi, inasikiliza mambo ya dharura tu. Nilifungua madai Septemba. Wakili wake hakubishana na kanuni hata kidogo. Alibishana na tarehe. Alidai tulitengana Novemba 2013, tulipoacha kulala chumba kimoja. Ukikubali Novemba 2013, miaka sita iliisha Novemba 2019, kabla korona haijaingia, na kanuni haifufui dai lililokwisha kufa. Miezi mitano tu, na haki yote inapotea.

Kilichotusaidia ni ritani yake ya kodi ya mwaka 2013, aliyoijaza mwenyewe mwanzoni mwa 2014. Penye hali ya ndoa alijaza kwamba yuko kwenye ndoa, si kwamba ametengana, na sahihi yake iko chini. Wakili wangu aliiambatanisha na kiapo changu kama kielelezo cha kwanza. Baada ya hapo ndipo wakaanza kuzungumza suluhu.

Kwa hiyo anza kukusanya karatasi zinazotaja siku mliyotengana: ritani za kodi, taarifa za benki, mkataba wa nyumba, hata ujumbe wa simu. Ndiyo maana nakwambia usingoje Agosti: yeye akidai kuwa mlitengana Januari, au Desemba 2019, tarehe yako ya mwisho inarudi nyuma pamoja naye.

Kuhusu pensheni yenyewe, unamjazia fomu msimamizi wa mfuko akupe thamani ya pensheni hadi siku ya kutengana. Fomu ikishakamilika ana siku 60 za kukujibu. Unachoweza kuhamishiwa kutoka kwenye mfuko hakizidi asilimia 50 ya thamani hiyo. Lakini shika hili: kumwandikia msimamizi hakusimamishi ukomo. Kinachookoa dai lako ni kulifungua mahakamani. Fungua, thamani itakuja baadaye.

Kuna jambo ambalo hukuuliza, nami linanisumbua kila nikiona watu wanasubiri. Mumeo akifariki kabla ya kustaafu, sheria ya pensheni haimhesabu mke aliyetengana kuwa mjane wake. Malipo yanakwenda kwa aliyeandikwa kuwa mnufaika, au kwenye mirathi. Hapo, kama alikuwa anakutunza au alipaswa kisheria kukutunza, unaweza kudai matunzo dhidi ya mirathi, na mahakama inaweza kuyahesabu malipo hayo ya pensheni kama sehemu ya mirathi hata kama yameandikiwa mtu mwingine. Dai hilo nalo lina miezi sita tangu msimamizi wa mirathi apewe hati na mahakama. Ukichelewa, jaji anaweza kukuruhusu, ila utaambulia kile tu ambacho hakijagawiwa.

Matunzo ya kawaida, yako au ya watoto, hayana ukomo chini ya sheria ya familia. Watu wanachanganya hayo mawili, mtu anaacha kudai matunzo ya mtoto kwa sababu kasikia "miaka sita".

Na kwa wasomaji wengine: kama hamkufunga ndoa, haki ya kusawazisha mali hamna Ontario, hata mkiishi pamoja miaka ishirini.

Wiki hii nenda kwenye msaada wa kisheria. Kabla ya habari nyingine yoyote wape tarehe ya kutengana na uwatajie Kanuni 73/20. Kisha chunguza mumeo ameajiriwa na nani, maana pensheni za watumishi wa serikali kuu ya Kanada zinagawanywa kwa sheria ya shirikisho na fomu zake ni nyingine kabisa.