Kabla ya kuwasha SD-WAN matawini, kagua laini

SD-WAN, mfumo wa programu unaounganisha matawi ya kampuni kupitia laini kadhaa, haitengenezi intaneti. Inachagua njia iliyo afadhali kati ya zile ulizoipa. Zote zikiwa mbovu, utapata mbovu. Ndiyo maana kazi huanzia kwenye laini za tawi, si kwenye skrini ya kidhibiti, yaani programu kuu inayoongoza vifaa vya matawi yote.

Pima kila laini wiki nzima, hasa saa za kazi. Kwa simu za sauti, ucheleweshaji wa upande mmoja usizidi milisekunde 150 na pakiti (vipande vya data) zinazopotea zisifike asilimia 1. Kisha uliza jambo linalosahaulika mno: laini mbili zinaingia jengoni kupitia wapi? Faiba za kampuni mbili zikilala mtaro mmoja, sululu moja inazimaliza zote. Afadhali faiba moja na 4G.

Anwani nazo zipangwe mapema. Matawi yote yakibaki na kundi lilelile la anwani za ndani, 192.168.1.0/24, kama ruta zilivyotoka kiwandani, hayataelewana.

Kifaa kipya kikikataa kujiunga na kidhibiti, tazama saa yake kwanza. Tarehe ikiwa si sahihi, cheti cha kidijitali cha utambulisho hukataliwa. Baada ya hapo angalia DNS (inayogeuza majina kuwa anwani), halafu kama faiwoli imefunga milango ya UDP 500 na 4500, ambayo IPsec (usimbaji unaolinda data kati ya matawi) huitumia.

Hitilafu inayopoteza siku nzima ni ya MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti inayoweza kupita. Ping (ujumbe mdogo wa kujaribu njia) inapita, watu wanaingia kwenye mfumo, lakini faili kubwa linaganda. Pakiti ya baiti 1500 ikishavishwa IPsec inazidi kipimo cha laini. Ikiwa imekatazwa kugawanywa, inatupwa, na ujumbe wa ICMP wa kumwarifu mtumaji mara nyingi huzuiwa na faiwoli. Tuma ping isiyogawanyika kupitia handaki (njia ya IPsec kati ya matawi), anza na baiti 1472, punguza hadi ipite. Ongeza 28, hiyo ndiyo MTU yako. Toa 40 upate MSS, yaani data ya juu katika pakiti moja ya TCP: MTU ya 1400 inakupa 1360.

Vizingiti vya kuhama laini vikiwa vikali kupita kiasi hufanya trafiki irukeruke kati ya laini. Hama baada ya vipimo kadhaa vibaya mfululizo, na ukawie zaidi kurudi.

Mwisho, chomoa waya wa laini kuu huku simu mbili zikiendelea. Inayopita handakini inapaswa kukwama kidogo tu, maana anwani za ndani hazibadiliki. Inayotokea intaneti moja kwa moja kutoka tawini huenda ikakatika, kwa kuwa anwani ya nje imebadilika. Waambie watumiaji mapema.