Kabla Hujamtoa Binti Shuleni Acheze Tenisi ya Kulipwa

Wiki iliyopita mzazi mmoja wa Nakuru aliniandikia kuhusu binti yake wa miaka 15, ambaye anawashinda wasichana wote wa rika lake katika kaunti yao na hata wavulana kadhaa. Baba huyo ameshapiga hesabu zake: anataka kumtoa katika shule ya bweni mwisho wa muhula huu, amwajiri kocha, kisha ampeleke ng'ambo akacheze mashindano ya kulipwa, kwa kuwa, asemavyo yeye, Angella Okutoyi alianza hivyo hivyo. Ninamheshimu mzazi anayejitolea kiasi hicho kwa ajili ya mwanawe, lakini kisa cha Angella hakikuwa kama anavyokisimulia.

Angella, aliyelelewa na bibi yake jijini Nairobi, alikuwa msichana wa kwanza wa Kenya kushinda mechi ya chipukizi katika mojawapo ya mashindano manne makubwa ya Grand Slam, huko Melbourne, Januari 2022. Julai mwaka huo huo, yeye na Mholanzi Rose Marie Nijkamp walitwaa ubingwa wa wasichana wawili wawili kule Wimbledon kwa 3-6, 6-4, 11-9. Wasimulizi wengi huishia hapo. Kilichofuata ni kwamba mwaka 2023 alijiunga na Chuo Kikuu cha Auburn, Marekani, akawa anasoma huku akiichezea timu ya chuo, na Machi 2024 akachukua dhahabu ya Michezo ya Afrika mjini Accra akiwa bado mwanafunzi. Bingwa wa Wimbledon aliona darasa lina faida, ilhali bingwa wa kaunti anaambiwa aliache!

Mimi nilianza nikiwa mwokota mipira katika klabu moja ya Nairobi, ambako baba yangu alikuwa akitunza viwanja, na raketi yangu ya kwanza niliipata kwa mwanachama aliyeipasua ukingo kwa hasira. Ninalisema hili kwa fahari, maana wapo wanachama waliokuwa wakinituma maji ambao baadaye walinilipa niwafundishe kupiga sevu, yaani pigo la kuanzisha pointi. Nilimaliza kidato cha nne kwanza, kwa sababu mama hakutaka kusikia habari nyingine, ndipo nikaenda Monastir, Tunisia, ambako mashindano ya M15, daraja la chini kabisa la tenisi ya kulipwa ya wanaume, huchezwa karibu kila wiki. Jina hilo linatokana na jumla ya zawadi, dola 15,000, ambazo majirani zetu waliamini kwamba zote ni za bingwa. Bingwa huondoka na dola elfu mbili na kidogo. Anayetolewa katika raundi ya kwanza ya droo kuu hupata chini ya dola 200, nazo hukatwa kodi. Anayeishia kwenye mchujo, yaani mechi za kuwania nafasi katika droo hiyo, haambulii kitu. Chumba na chakula cha juma moja huzimeza dola hizo kabla hujafikiria nauli wala viza.

Kisha kuna nyuzi za raketi, ambazo wazazi hawazitii kamwe katika bajeti. Nyuzi za poliesta hulegea baada ya saa chache za kupiga mpira kwa nguvu, hata kama hazijakatika, na fundi wa pale alitoza kwa raketi moja fedha ambazo zingenilisha siku nzima. Nikanunua mashine ndogo kwa mchezaji mmoja aliyekuwa anaacha tenisi, ile inayovuta uzi kwa uzito unaoning'inia, nikaiweka mezani chumbani na kujifunza mwenyewe: nyuzi za wima kwanza, kisha za mlalo zikipishana juu na chini kama anayesuka jamvi, na kila fundo likikazwa kwa koleo mpaka vidole vichubuke. Haikuchukua muda wachezaji wa vyumba vya jirani wakaanza kuniletea za kwao. Yako majuma ambayo nyuzi zilinipatia fedha nyingi kuliko mpira wenyewe, na sioni haya kulisema.

Kilichonishangaza zaidi ni hewa. Nairobi iko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, mpira hupaa kwa wepesi, na sevu iliyokuwa ikinipatia pointi za bure nyumbani ilirudishwa pale pwani ya Tunisia kana kwamba nimemrushia mtoto. Nawaambia wote ninaowafundisha: kabla ya kusafiri, nenda ukafanye mazoezi Mombasa. Nilipozoea, nilimtoa Mfaransa aliyepangwa namba tatu kwa ubora katika mashindano hayo na kupata pointi yangu ya kwanza ya ATP, chama kinachoendesha tenisi ya kulipwa ya wanaume. Niliingia katika orodha ya wachezaji wa dunia, mkiani kabisa lakini ndani, na hakuna awezaye kunivua hilo.

Kampuni moja iliyoahidi kunifadhili, ambayo sitaitaja, ilikuwa imewaita waandishi wa habari, ikanipiga picha nimeshika hundi ya kadibodi yenye urefu wa mlango. Fedha za msimu wa pili hazikuja, simu hazikupokelewa, nami nikarudi Nairobi. Picha yangu iliendelea kupamba kalenda yao. Kwa hiyo, mzazi mwenzangu, ahadi ya mfadhili isiyoandikwa na kutiwa saini usiikatie tiketi, hata kama imetolewa mbele ya kamera.

Tusidanganyane kuhusu muda pia. Mtunisia Ons Jabeur alishinda ubingwa wa chipukizi wa Ufaransa mwaka 2011, na taji lake la kwanza la WTA, chama cha tenisi ya kulipwa ya wanawake, akalipata Birmingham mwaka 2021. Utaniambia kwamba Victoria Mboko, binti wa wazazi kutoka Kongo, ambaye alikuwa upande wa pili wa wavu katika ile fainali ya Angella, alikuwa na miaka 18 tu alipomshinda Naomi Osaka na kutwaa ubingwa wa Kanada, Montreal, mwaka 2025. Ni kweli, lakini Mboko hakuokotwa katika mashindano ya kaunti. Kumbuka pia Jennifer Capriati, aliyeanza kulipwa mwaka 1990 kabla hajatimiza miaka 14, akachoka na kuuacha mchezo kwa muda angali kijana. Baada ya yaliyompata, WTA iliweka kikomo cha idadi ya mashindano kwa wasichana walio chini ya miaka 18, kwa hiyo hata ukimtoa shuleni leo, binti yako hataruhusiwa kucheza kila wiki.

Aendelee na masomo, na likizo acheze mashindano ya kimataifa ya chipukizi ya daraja la J30, ambalo ni la chini, yanapofanyika Nairobi, ambako nauli yake ni ya matatu. Akishinda hapo mara kwa mara dhidi ya wageni, mpandishe daraja. Asiposhinda, ongeza mazoezi, siyo safari. Vyuo vya Marekani vina kanuni kuhusu fedha za zawadi, basi zisomeni kabla hajapokea dola yoyote. Makocha wa vyuo hivyo huuliza alama za mtihani na hutaka video ya seti nzima isiyokatwakatwa, pamoja na gemu alizopoteza. Waandikiwe mapema, angali ana miaka miwili ya sekondari, na barua aiandike binti mwenyewe, maana kocha atataka kumjua yeye, siyo baba yake.