Stratocaster au Les Paul kwa mpigaji wa dansi na kwaya?

Mkuu, umeuliza uchukue gita gani la umeme kati ya Stratocaster (Strato) na Les Paul, kama kazi yako ni solo za dansi na jumapili kwaya kama ulivyosema, mi nakushauri chukua Strato wala usijiulize mara mbili. Zile pikapu tatu za koili moja (sumaku zenye waya uliozungushwa, ndizo zinanasa mlio wa nyuzi) zinatoa sauti kali yenye kengele kengele, inapenya hata kinanda na besi vikijaa, na ile swichi ukiiweka kati ya pikapu mbili unapata ule mlio mwembamba mtamu ambao Les Paul haikupi.

Sasa Les Paul sio mbaya jamani, tangu 1957 inakuja na hambaka (pikapu za koili mbili zinazoua mvumo), sauti nene inavuta muda mrefu, ukipiga roki au bluzi utaipenda, ila ni nzito, unasimama nayo usiku kucha bega linakoma, na shingo imegundishwa halafu kichwa kimelala nyuma kwahiyo ikianguka vibaya inavunjika pale pale karibu na nati (kile kipande nyuzi zinapopita kuingia kichwani). Strato shingo ni ya skrubu, ikiharibika unafunga nyingine maisha yanaendelea.

Kasoro ya Strato ni ule mvumo wa pikapu za koili moja, umeme wa ukumbini ukiwa hauna ethi ya maana utasikia zzzz mpaka ukome. Pia nyuzi zinakaza kidogo maana urefu wa uzi unaopigwa ni inchi 25.5, Les Paul kama 24.75 hivi, kwahiyo funga nyuzi nyembamba za 9 (uzi wa kwanza unene wa inchi 0.009) vidole visiteseke.

Na hela isiishie yote kwenye gita, bakiza ya amplifaya.