Kufunga Waifai katika Nyumba ya Mawe: Kwa Vijana Wanaoanza Kazi Hii Lamu

Ndugu zangu mnaoanza kazi ya kufunga mitandao ya nyumbani, nawaandikia kutokana na niliyoyaona katika mitaa ya Mkomani na Langoni, na sina budi kuanza na kosa langu mwenyewe. Nyumba ya kwanza niliyopewa ilikuwa ya ghorofa mbili. Kwa kuwa kebo ya intaneti ilikuwa imeingizwa kupitia dirisha lililo juu ya daka, kile kibaraza cha mlangoni, niliitundika ruta, kifaa kinachogawa intaneti kwa mawimbi ya waifai, papo hapo, nikaijaribu simu yangu nikiwa nimesimama mbele yake, nikapokea ujira na kuondoka. Siku chache baadaye niliitwa. Mwenye nyumba, ambaye hulala ghorofa ya juu, hakuweza kufungua hata picha moja, ilhali vijana waliokuwa wakibarizi nje usiku walitazama mpira bila kukatikiwa, kwa sababu nywila niliyoiacha ilikuwa ile iliyochapwa chini ya kifaa, na mtoto mmoja wa nyumba alikwisha kuipiga picha na kuigawa.

Kosa hilo lilinifunza kwamba mahali pa kuiweka ruta na namna ya kuilinda ni jambo moja. Kuta za nyumba zetu za kale zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa, na unene wake mara nyingi hukaribia nusu mita. Isitoshe, hunyonya unyevu, na maji huyafifisha mawimbi ya redio. Dirisha halina kizuizi hicho. Basi mawimbi hukifikia kichochoro kwa wepesi kabla hayajakifikia chumba cha ndani, na jirani akawa na mtandao bora kuliko aliyeulipia.

Kwa hiyo, kabla ya kuifunga ruta ukutani, zunguka nyumba nzima na simu yenye programu ya kupima nguvu za mawimbi, huku ruta ikiwa imewashwa kwa muda mahali unapopafikiria. Kipimo huandikwa kwa namba hasi: -50 ni nguvu nyingi, -67 yatosha kwa mazungumzo ya video, na ikifika -80 usitarajie utulivu. Ruta nyingi hurusha mawimbi kwa masafa mawili. Yale ya gigahezi 2.4 hupenya ukuta vizuri zaidi, ingawa mwendo wake ni mdogo na mji umeyajaza. Yale ya gigahezi 5 yana kasi, lakini ukuta mmoja wa matumbawe huweza kuyamaliza. Katika gigahezi 2.4 tumia chaneli, yaani njia ndogo ndani ya masafa hayo, ya 1, 6 au 11 pekee, kwani hizo tatu haziingiliani.

Mimi huiweka ruta karibu na kiwanda, ule uwazi wa katikati ya nyumba, maana hapo mawimbi hupanda juu bila kukutana na jiwe. Ghorofa ya juu huifungia kifaa cha pili kilichounganishwa na ruta kwa kebo inayopita kiwandani, si kile cha kurudufu mawimbi hewani, ambacho kikipokea na kurusha kwa redio ileile hupunguza kasi kwa takriban nusu. Nunua kebo ya shaba tupu yenye ganda la kuhimili jua. Ile ya alumini iliyopakwa shaba ni ya bei rahisi, lakini hewa yetu ya chumvi haichelewi kuila kwenye ncha. Wala usitoboe ukuta bila kumuuliza mwenyewe. Mji huu umo katika Orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2001, na tundu lililopasua plasta ya zamani halizibiki kwa saruji likapendeza.

Sasa ulinzi. Badilisha kwanza nywila ya kuingilia mipangilio ya ruta, ambayo si ile ya waifai. Wengi huzichanganya, na ile iliyowekwa na watengenezaji inajulikana na kila mtu. Zima uendeshaji wa ruta kutoka nje ya nyumba, na usasishe programu yake. Katika aina za ulinzi wa waifai, chagua WPA3, iliyotolewa mwaka 2018, au ile iliyoitangulia, WPA2, yenye usimbaji wa AES, ikiwa kuna simu kongwe. Zima pia WPS, njia ya kuunganisha kifaa kwa kitufe au namba fupi badala ya nywila: mwaka 2011 ilibainika kwamba namba yake ya tarakimu nane hukaguliwa kwa vipande viwili, hivyo mtu hahitaji kubahatisha zaidi ya mara 11,000.

Katika nywila yenyewe ndipo wateja wetu hukosea zaidi, kwani hupenda kuweka namba ya simu. Namba zote zinazoanza na 07 haziwezi kuzidi milioni 100. Mtu akinasa salamu ambazo simu na ruta hupeana zinapounganishwa kwa WPA2, huweza kuzibahatisha zote kwa kompyuta yenye kadi nzuri ya michoro kwa muda usiofika saa moja, akiwa kwake, bila ruta kujua lolote. Maneno matano yasiyohusiana, yaliyoteuliwa kwa kura, ni salama zaidi kuliko methali, ambayo kila mtu anaijua. Kuficha jina la mtandao si kinga, na kuruhusu vifaa kwa anwani zao za MAC, yaani namba za utambulisho wa kila kifaa, si kinga pia, kwa kuwa anwani hizo huonekana hewani.

Nyumba nyingi hapa hupangisha wageni. Wazee walikuwa na sabule, chumba cha mgeni ambacho hakikumfikisha ndani kwa watu wa nyumba. Mtandao wa wageni hufanya kazi hiyohiyo, kwa hiyo uwashe, uupe nywila ya peke yake inayobadilishwa wageni wakiondoka, na runinga pamoja na kamera uziweke huko.

Ukimaliza, andika nywila zote mbili za waifai na ile ya mipangilio kwenye karatasi, umkabidhi mwenye nyumba mkononi. Kisha toka ukaketi barazani upime mawimbi yanayofika pale, urudi ndani, na mbele ya macho yake uufute mtandao wake katika simu yako.