Zoezi la kusakinisha lifanyie ndani ya kontena

Ninyi mnaoanza programu, zoezi la kwanza mara nyingi ni hili: sakinisha Python, ongeza maktaba, washa seva ionekane kwenye kivinjari. Msilifanyie moja kwa moja kwenye kompyuta zenu; lifanyieni ndani ya kontena, yaani mazingira yaliyotengwa ndani ya mashine, yenye faili na programu zake. Mwaka jana uliweka hiki, juzi ukaweka kile, umesahau. Kwako programu inawaka, kwa mwenzako inagoma, na hakuna anayejua kwa nini.

Ukishakuwa na Docker, programu ya kuendesha kontena, andika `docker run -it --rm ubuntu:24.04 bash`. Utajikuta ndani ya Ubuntu tupu, nawe ni root, mtumiaji mwenye mamlaka yote. Hakuna sudo (amri ya kuazima mamlaka ya root), hakuna nano (kihariri cha maandishi), hakuna Python. Usishtuke, ndivyo ilivyo. Ukiomba `apt install python3` utaambiwa kifurushi hakionekani, kwa sababu orodha ya vifurushi huondolewa ili imeji, yaani kiolezo ambacho kontena huundwa kutoka kwake, iwe nyepesi. Anza na `apt update`. Ukifika kwenye pip, kisakinishi cha maktaba za Python, itakugomea kwa ujumbe wa `externally-managed-environment`: siku hizi Ubuntu haitaki pip iguse Python ya mfumo. Weka `python3-venv`, tengeneza mazingira yako ya Python yaliyojitenga na ya mfumo, endelea. Mitandaoni utashauriwa uongeze `--break-system-packages`. Jina lenyewe linakuonya.

Kila amri iliyokubali, iandike papo hapo, kisha ihamishie kwenye Dockerfile, faili la maagizo ambalo Docker huyafuata kujenga imeji. Ukitoka kwa `exit`, ile `--rm` inafuta kontena lote, na hapo ndipo zoezi linapoanza hasa: jenga upya kwa kutumia ulichoandika tu. Ikikwama, kuna hatua uliiruka. Msimbo wako usiufungie humo ndani. Unganisha folda uliyomo kwa kuongeza `-v "$PWD":/kazi` kwenye amri ya `docker run`. Kwenye Linux, faili zitakazozaliwa humo zitakuwa mali ya root, na kuzifuta utahitaji sudo.

Seva nayo huwatesa wengi. Umeweka `-p 8000:8000` ili kuunganisha mlango wa kontena na wa kompyuta yako, kivinjari bado hakioni kitu. Aghalabu programu inasikiliza 127.0.0.1, yaani ndani ya kontena peke yake. Iambie isikilize 0.0.0.0, yaani anwani zote za kontena.

Kwa wenye bando la kuhesabu: imeji kamili ya Python ikifunguliwa hukaribia GB 1, chagua yenye `slim` kwenye jina lake. Ya Alpine, aina nyepesi ya Linux, ni ndogo zaidi, lakini maktaba yake ya msingi ya C ni musl badala ya glibc, na mgeni hana haja ya kuanza na vita hivyo.

Halafu, kontena linatumia keneli (kiini cha mfumo endeshi) ileile ya mashine iliyolibeba. Kwa hiyo msimbo usiouamini usiujaribie humo.